Majivu na Deni

Maradhi ya mwanadamu ni ya namna mbili. Yako ya mwili, ambayo tabibu huyatafuta kwa vidole vyake, kwa vipimo na kwa hadubini. Na yako ya nafsi, ambayo hapana ayajuaye vema kuliko mgonjwa mwenyewe, wala hapana mwenye bidii ya kuyaficha kuliko yeye. Mimi niliugua haya ya pili kwa muda wa karibu miaka saba. Nilitafuta dawa mbali, na dawa ilikuwa karibu. Niliitafuta kwa kufunga kinywa, na dawa ilikuwa katika kukifungua. Habari hii hainipi sifa. Nimeiandika kwa kuwa vijana wasomao kurasa hizi bado wana nafasi ya kujifunza kwa hasara ya mtu mwingine, na elimu ipatikanayo hivyo ni rahisi kuliko nyingine zote.

Kwanza nieleze Kwaresima ni nini, maana si kila msomaji ni Mkristo. Kwaresima ni kipindi cha siku arobaini za kufunga, kusali na kutoa sadaka, ambacho Wakristo wengi hukipitia kabla ya Pasaka. Jina lenyewe lina asili ya Kilatini, na hesabu ya arobaini imo ndani yake. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulikwisha kuzitaja siku hizo. Katika Kanisa Katoliki, ambamo mimi nimelelewa, kipindi hiki huanza Jumatano ya Majivu. Mtu akihesabu toka Jumatano hiyo mpaka Jumamosi Kuu atapata siku 46; lakini Jumapili sita zilizomo hazihesabiwi kuwa siku za kufunga, kwa sababu kila Jumapili ni ukumbusho wa ufufuo. Zikitolewa hizo hubaki siku 40 kamili.

Majivu nayo yana habari yake. Hupatikana kwa kuchoma matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia. Kwetu pwani matawi hayo aghalabu ni makuti mabichi ya mnazi. Makuti yaliyopungwa kwa shangwe hukauka, huchomwa, na mtu yule yule aliyeyapunga hupakwa majivu yake katika paji la uso, akakumbushwa kuwa naye ni mavumbi. Tangu utoto niliona kuwa hilo ni fumbo zuri. Sikudhani kuwa siku moja fumbo lile litafumbuliwa kwa habari yangu mwenyewe.

Kwetu ni Taita, katika vilima vilivyo juu ya Bura, ambako wamisionari Wakatoliki walifungua misheni mwaka 1892. Mimi niliondoka huko nikiwa kijana, nikapata kazi ya ukarani wa hesabu katika ghala moja mjini Mombasa. Ndugu yangu mdogo alibaki nyumbani akimtunza mama, akilima na kubeba mizigo ya watu sokoni. Mwaka 2018 mama aliugua sana, akaletwa Mombasa kutibiwa. Ukoo ulikutana ukachanga fedha. Wazee hawakupenda fedha nyingi kiasi kile zipitie katika simu. Walizihesabu kwa mikono yao, wakazitia katika bahasha, wakampa ndugu yangu aniletee. Zilikuwa shilingi 96,000. Alinikabidhi zote jioni ile ile aliyofika, nikazihesabu mbele yake, hesabu ikawa sawa.

Mama hakupona. Baada ya kulipa gharama za matibabu, za jeneza na za gari la kumrudisha nyumbani, nilikuwa nimetumia shilingi 77,600. Zilibaki 18,400. Wakati ule nilikuwa ninadaiwa kodi ya nyumba ya miezi mitatu, na mwenye nyumba alikwisha kunitishia kunitoa. Nilizilipa. Nilijiambia kuwa nimekopa, na kwamba nitarudisha kabla ya mtu kuuliza. Mkopo usiojulikana na mwenye mali una jina lake, msomaji, nawe unalijua.

Wiki moja baada ya maziko, baba yetu mdogo, aliyekuwa mweka hazina wa ukoo, aliniuliza mbele ya watu wote ni kiasi gani cha fedha kilichonifikia. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, na kweli wakati huo ingalinigharimu aibu ya siku moja. Nikajibu, "Shilingi 77,600." Sikusema kuwa ndugu yangu ni mwizi. Nilitaja hesabu tu, na hesabu ikasema badala yangu. Watu wakamgeukia yeye. Akasema, "Nilimpa zote." Baba mdogo akamwuliza, "Basi wataka kusema kwamba kaka yako ni mwongo?" Ndugu yangu alinitazama kitambo. Nami nilitazama chini. Akanyamaza, na kimya chake kikahesabiwa kuwa ungamo.

Nani angalimsadiki? Mimi nilikuwa karani, nimevaa koti. Yeye alikuwa mchukuzi wa mizigo. Toka siku ile hakupewa tena mchango wa harusi wala wa maziko kuupeleka popote. Shangazi yetu mmoja aliacha kuitikia salamu zake. Watoto wake walitaniwa shuleni kwa ajili ya bahasha. Mwaka uliofuata alihama, akaenda kukata mkonge katika shamba moja karibu na Mwatate. Huko ni karibu na nyumbani kwa miguu, lakini ni mbali sana kwa mtu asiyetakiwa.

Maradhi yangu yalianza mwaka huo. Nililala vizuri mpaka saa tisa za usiku, kisha macho yakafumbuka kana kwamba nimeitwa, nisilale tena mpaka alfajiri. Kifua kilikuwa kizito. Nilikwenda kwa tabibu, na nilifanya vema kwenda, maana si kila kifua kizito ni dhambi, wala haifai mtu aliye mgonjwa wa mwili aambiwe akatubu badala ya kutibiwa. Alipima moyo wangu, damu yangu na shinikizo lake, akaona vyote ni vizima. Kisha akaniuliza kwa upole kama nina jambo linalonisumbua. Nikamjibu, "Hapana, daktari." Nilikuwa nimemlipa anitafutie ugonjwa, na alipoukaribia nikaufunika.

Baadaye nilikwenda kwa mhubiri mmoja aliyekuwa akiponya watu katika hema. Aliniambia nina adui anayenifuata usiku, na kwamba nikitoa sadaka ya kutosha adui huyo atakimbia. Nilitoa shilingi 2,000 bila ya kusita. Sasa nayaona maajabu ya moyo wangu: nilimpa fedha mtu asiyenidai kitu, nikawanyima walionidai. Nilifurahi hata kusikia habari ya adui, kwa maana niliyekuwa nikimwogopa saa tisa za usiku hakuwa mchawi. Alikuwa mtu mpole aliyenitazama kitambo kisha akanyamaza.

Na Kwaresima je? Kila mwaka niliishika. Sheria ya kufunga katika Kanisa letu si nzito: waliotimiza miaka 18 mpaka wanapoingia mwaka wa 60 hupaswa kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na kuacha nyama siku hizo na Ijumaa nyingine za Kwaresima. Mimi nilipita sheria. Niliacha nyama siku zote arobaini; mwaka mwingine niliacha sukari; mwaka mwingine nilikula mara moja kwa siku. Kila Ijumaa nilifuata Njia ya Msalaba vituo vyote kumi na vinne kwa magoti. Watu walinisifu. Nami nilikonda, lakini sikupona. Nilikuwa nimekifunga kinywa kisile, ilhali kinywa kile kile kilipaswa kufunguliwa kiseme.

Mwaka 2025 jambo lilitokea ambalo halitokei kila mwaka. Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 5 ya mwezi huo huo. Basi Waislamu na Wakristo wa Mombasa wakafunga pamoja. Jioni ile nilirudi kutoka kanisani majivu yangali katika uso. Jirani yangu, mzee Mwislamu ambaye nimekaa naye mlango kwa mlango miaka mingi, alikuwa barazani akingoja adhana ya magharibi. Aliniona akacheka, "Mwalimu wa hesabu, mwaka huu tumekutana njiani! Karibu tufuturu." Nikakaa. Tulikula tende, tukanywa uji wa pilipili manga, tukala na viazi vya nazi.

Katika mazungumzo nilimwuliza, kama mtu aulizaye habari za watu wengine, jinsi toba ilivyo katika dini yake. Akaniambia kuwa mtu akimkosea Mungu, huacha kosa, hujuta, na huazimia kutolirudia. "Lakini akimkosea mja," akasema, "limebaki jambo la nne. Sharti airudishe haki ya mja yule, au amwombe radhi. Mola ni mwingi wa rehema, bwana, lakini haki ya mtu iko mkononi mwa mtu." Alisema hayo huku akinimiminia uji, bila ya kujua alichokuwa akikifanya. Usiku ule sikungoja saa tisa, sikulala kabisa.

Jumamosi ya tarehe 22 Machi nilikwenda kuungama. Katika miaka ile nilikuwa nimeungama mara nyingi, lakini niliungama kama afanyavyo karani mdanganyifu anapoandika hesabu. Nilitaja madogo kwa ukamilifu ili kubwa lisionekane. Nilitaja hasira, uvivu na maneno ya upuuzi. Mara hii nilisema yote. Padre alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu, "Ndugu yako anakaa wapi sasa?" Nilipomjibu, alinieleza kuwa Mungu husamehe, na kwamba msamaha huo haununuliwi. Lakini aliyeiba hurudisha alichoiba, na aliyeharibu jina la mtu hulitengeneza. Akasema, "Fedha ulizichukua kwa siri, lakini jina ulilichukua hadharani. Kila kimoja kirudishe mahali ulipokitoa." Hayo ndiyo yaliyokuwa malipizi yangu.

Niliondoka pale nimesamehewa na nimeogopa. Katika karne za mwanzo za Kanisa, waliotenda makosa makubwa walifanya toba mbele ya macho ya watu; katika mji wa Roma walirudishwa katika ushirika wa waamini Alhamisi Kuu, siku chache kabla ya Pasaka. Zamani nilidhani desturi ile ilikuwa ukatili. Sasa nilianza kuona maana yake. Mtu hawezi kumrudia Mungu kwa njia ya kichochoro, akiwakwepa watu aliowadhulumu barabarani.

Jumapili ya nne ya Kwaresima, tarehe 30 Machi, Injili iliyosomwa ilikuwa ile ya mwana mpotevu: kijana aliyechukua urithi wake, akaupoteza katika nchi ya mbali, akarudi kwa baba yake hali ya njaa. Nimeisikia habari hiyo tangu nikiwa mtoto, na siku zote nilimhurumia baba. Siku ile niliona neno jingine. Kijana yule alikwisha kuyatunga maneno ya kumwambia baba yake kabla ya kuanza safari. Lakini maneno yale yasingalimfaa kitu kama angalibaki yalipo makazi ya nguruwe akiyakariri. Dawa yake ilianza alipoinuka akaenda. Mimi nami nilikuwa nimekariri maneno yangu karibu miaka saba.

Nilichukua shilingi 18,400 katika akiba yangu ya chama cha ushirika, nikazitia katika bahasha. Jumamosi iliyofuata nilipanda gari mpaka Voi, na pale nikapanda jingine la kwenda Mwatate. Nilimkuta ndugu yangu nje ya nyumba yake akinoa kisu cha kazi. Mikono yake ilikuwa na makovu ya miiba ya mkonge. Aliinuka akasema, "Shikamoo, kaka," kama adabu inavyotaka, na adabu ile ilinichoma kuliko tusi.

Sikukaa. Nilisema niliyokwenda kuyasema nikiwa nimesimama, nikampa bahasha. Hakuipokea. Nikamwuliza, "Kwa nini siku ile hukunishitaki?" Alifikiri, kisha akajibu, "Tulikuwa tumemzika mama wiki ile. Sikutaka ukoo uuzike na undugu wetu siku hizo hizo. Nilidhani utasema mwenyewe kesho yake. Halafu nikadhani utasema mwezi ujao." Akatazama bahasha. "Fedha hizi si zangu, kaka, ni za ukoo. Changu mimi ni jina. Ukitaka kunirudishia changu, twende ukalisemee pale pale."

Msomaji pengine alitumaini kuwa tulikumbatiana. Hatukukumbatiana. Mke wake aliniletea chai, nikainywa, nikaondoka. Hata hivyo katika gari la kurudi nililala usingizi mzito, mpaka abiria mwenzangu akaniamsha tulipofika.

Jumapili ya Matawi, tarehe 13 Aprili, nilisimama mbele ya ukoo mahali pale pale nilipotaja hesabu ya uongo mwaka 2018. Nilitaja hesabu ya kweli: 96,000 zilizonifikia, 77,600 zilizotumika, 18,400 nilizoziiba. Neno hilo la mwisho halikutaka kutoka, lakini lilitoka. Hapana aliyenipigia kelele. Kimya kilikuwa kirefu, na katika kimya kile shangazi yetu aliinuka, akavuka uwanja polepole kwa bakora yake, akaenda kumshika ndugu yangu mkono na kumsalimu. Alikuwa amemnyima salamu karibu miaka saba kwa kunisadiki mimi. Nilielewa hapo kuwa nilikuwa nimemwibia na mzee yule pia: nilimfanya awe mdhalimu bila ya yeye kujua.

Wazee wetu wa Taita wasingalishangazwa na ugonjwa wangu. Kabla ya misheni kufika waliamini kuwa hasira iliyofungiwa ndani ya moyo wa ndugu huzaa maradhi. Katika ibada yao ya kutasa, mtu alichukua funda la kinywaji akalinyunyiza kwa kinywa huku akitamka maneno ya kuitoa hasira moyoni na kuomba heri. Mwanachuoni Mmarekani, Grace Harris, aliyekaa Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, alitoa kitabu kizima juu ya mambo hayo mwaka 1978. Sisemi kuwa dini zote ni moja. Jirani yangu asingalikubali, wala padre asingalikubali. Nasema tu kwamba mzee wa barazani, padre wa kitubioni na babu zetu wa vilimani walijua kuwa kilichofichwa moyoni sharti kitoke kwa kinywa.

Je, nimepona? Napenda kujibu kwa haki. Ziko usiku nyingine ambazo saa tisa bado huniita, lakini nikiamka simkuti mtu wa kumwogopa. Husali kidogo, nikalala. Ukoo haujanikabidhi tena hata senti moja kuishika, na si neno. Msamaha huja siku moja, bali imani ya watu hujengwa polepole kama nyumba ya mawe. Pasaka ile, tarehe 20 Aprili, ndugu yangu hakuja kwangu. Lakini mwezi wa Agosti kulikuwa na harusi katika ukoo wetu, na michango ikakusanywa. Baba mdogo alizihesabu fedha, akazitia katika bahasha, akatazama huku na huku katika watu, kisha akamwita ndugu yangu. Aliipokea kwa mikono miwili. Kabla ya kuondoka alinijia mahali nilipokaa, akasema, "Kaka, hebu zihesabu nawe, ili tuwe wawili tunaojua." Nikazihesabu. Mikono yangu ilitetemeka, lakini hesabu ilikuwa sawa.

Kijana usomaye habari hii, ukitaka kumrudia Mungu, iwe ni katika Kwaresima, au katika Ramadhani, au katika siku yoyote ambayo dhamiri yako imekuamsha, funga kwa kuwa kufunga ni kwema. Lakini kabla ya kuhesabu vyakula utakavyoviacha, hesabu kwanza vitu vya watu vilivyo mkononi mwako. Labda ni kalamu ya mwenzako. Labda ni neno ulilolisema juu ya mtu, likamfuata mpaka kwao. Labda ni kosa lako ambalo mwingine aliadhibiwa kwalo nawe ukatazama chini. Kirudishe kitu hicho kingali kidogo, maana deni la namna hii halikai kama lilivyokopwa. La kwangu lilikuwa shilingi 18,400, na kodi yake ilikuwa karibu miaka saba ya maisha ya ndugu yangu, ambayo sina bahasha ya kumrudishia.